Vijana wa madini kwenye yadi za magari: 'Dogo' kwa kandambili, 'bosi' kwa noti

MAGANZO, mji mdogo wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, unaishi kwa pamba na almasi. Pamba ina msimu wake, na mkulima anajua mwezi wa kupalilia na mwezi wa kupeleka mzigo kwenye chama cha ushirika. Almasi haina msimu. Tangu John Williamson alipogundua mwamba wa almasi wa Mwadui mwaka 1940, wapo watu katika eneo hili ambao huchekecha mchanga kwa miezi mingi bila kuona kitu, kisha siku moja jiwe dogo kama punje ya dengu linabadili kila jambo.

Hali ni hiyo hiyo kwa ndugu zao wa dhahabu huko Geita, Nyarugusu na Kahama. Kijana anashuka kwenye duara mwaka mzima kwa kukopa chakula, halafu mawe yanapita kwenye karasha na hesabu inakuja kwa mamilioni. Mwenye duara anachukua chake, mwenye eneo anachukua chake, na mgawo wa kijana unabaki mfukoni.

Fedha ya namna hiyo hutafuta gari, na kwa kijana wa miaka 20 na kitu siyo gari lolote. Anataka Toyota Altezza, Subaru Impreza, Mark X au Crown Athlete. Haya ni magari ya chini, yenye mlio na mwendo, ambayo yakipita stendi kila mtu anageuza shingo. Hapo ndipo anapokutana na mtu mwingine muhimu katika uchumi wa kanda hii, yaani muuzaji wa magari.

Sura mbili za muuzaji mmoja

Wauzaji wapo wa aina nyingi. Kuna yadi zenye uzio na ofisi, kuna wafanyabiashara wanaoagiza magari machache kutoka Japani na kuyauza mmoja mmoja, na kuna madalali wasio na ofisi ambao duka lao ni simu ya mkononi. Karibu wote wana tabia moja ya kumpima mteja kwa macho kabla hajafungua mdomo.

Kijana anayeingia yadi akiwa na kandambili na suruali yenye vumbi la mgodini huitwa "dogo". Akiuliza bei hutajiwa haraka, na mara nyingi hutajiwa kubwa ili aondoke. Akiomba kufungua mlango huambiwa funguo ziko kwa bosi, na bosi katoka. Akitaka kuliendesha gari kidogo huulizwa kwanza kama fedha anayo. Wakati huo huo, mtu mzima aliyevaa shati la kuchomekea anakaribishwa kiti, hata kama amekuja kuangalia tu na hana mpango wa kununua.

Hali hubadilika ghafla habari ikivuja kwamba kijana yule ameuza mzigo. Katika miji ya madini habari hiyo huvuja siku hiyo hiyo, kwa sababu mnunuzi wa madini, mwenye baa, dereva wa bodaboda na dalali wa magari ni watu wanaofahamiana. Kesho yake "dogo" ni "bosi", "tajiri" na "mkuu". Anafuatwa hadi nyumba ya kulala wageni, anasafirishwa bure hadi Mwanza kwenda kuona gari, ananunuliwa chakula na soda, na anaambiwa kuna mtu mwingine anakuja na fedha taslimu saa nane mchana. Akitaka kulala na kufikiri, anaambiwa ya kesho hayajulikani.

Mtu anaweza kudhani heshima ya siku ya pili ni bora kuliko dharau ya siku ya kwanza. Kwa mfuko wa kijana ni kinyume chake. Dharau humgharimu nauli tu, wakati heshima ile inaweza kumgharimu mtaji mzima. Na siku zote mbili muuzaji hakuuliza swali ambalo lingemsaidia mteja: unataka gari kwa kazi gani?

Dalali anakula wapi

Ili kuelewa mwenendo huo ni vizuri kujua dalali anavyopata riziki yake. Kwa kawaida hulipwa kamisheni na mwenye gari. Wengi hawaishii hapo, huongeza "cha juu". Chukua mfano. Mwenye gari anataka Sh12 milioni. Dalali anamtajia mteja Sh14.5 milioni, na ile Sh2.5 milioni ya katikati ni yake, mbali na kamisheni. Kama kuna madalali wawili waliounganishana, kila mmoja anaweka cha juu chake.

Cha juu hukua kwa yule asiyejua bei na mwenye haraka. Mkulima mtu mzima huja na shemeji yake fundi, anauliza yadi tatu, na anarudi wiki inayofuata. Kijana wa madini huja peke yake, au na marafiki wa jana ambao kazi yao ni kusifia, na anataka aondoke na gari kabla ya jua kuzama. Kwa dalali, mteja huyo ni mavuno.

Jambo hili halipo Kanda ya Ziwa peke yake. Mwaka 1995 watafiti Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya katika wauzaji 153 wa magari mapya huko Chicago, Marekani. Waliwatuma wanunuzi waliofundishwa kusema maneno yale yale na kupatana bei kwa njia ile ile. Wanaume weupe walitajiwa bei nafuu kuliko wanawake na kuliko watu weusi, kwa gari la aina moja. Wote walisema maneno yale yale, kwa hiyo kilichowatofautisha mbele ya muuzaji ni sura ya aliyekuwa akiuliza. Kama hayo hutokea mahali penye bei zilizobandikwa kwenye kioo, msomaji anaweza kukadiria yanayotokea mahali ambapo bei iko kichwani mwa dalali.

Fedha isiyo na karatasi

Lipo jambo jingine linalompa muuzaji nguvu. Kijana aliyeuza madini kichochoroni hana stakabadhi ya fedha yake. Anaogopa kuipeleka benki asije akaulizwa ameitoa wapi, kwa hiyo hutembea nayo kwenye begi na kulipa taslimu. Mtu wa namna hiyo hataki mkataba mbele ya wakili wala risiti, maana anataka shughuli iishe. Muuzaji mjanja hulijua hilo, na hujua pia kwamba mteja huyo akipata hasara hatakwenda kulalamika popote.

Siku hizi sababu ya kuuzia kichochoroni imepungua. Mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwezi Machi mwaka huo soko la madini lilifunguliwa Geita, likafuatiwa na mengine mikoani. Anayeuza sokoni hukatwa mrabaha na ada ya ukaguzi, lakini hutoka na karatasi. Akiwa na karatasi ile anaweza kuweka fedha benki bila hofu, na akalipia gari kwa njia ya benki kwa jina la muuzaji. Malipo ya namna hiyo ni ushahidi. Noti zilizohesabiwa kwenye buti la gari si ushahidi.

'Namba E' siyo umri wa gari

Sifa ya kwanza ambayo kijana huambiwa ni namba. "Hii namba E, bado mpya." Ni kweli kwamba namba zetu za usajili hufuata mpangilio wa herufi, na gari lenye herufi za E limesajiliwa nchini baada ya zile za D kwisha. Lakini herufi hizo zinaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania. Hazionyeshi lini lilitengenezwa.

Altezza ni mfano mzuri. Toyota walianza kulitengeneza mwaka 1998 na wakaacha mwaka 2005. Kwa hiyo Altezza lolote linalouzwa leo, liwe namba C, D au E, ni gari la zamani. Lenye namba E linaweza kuwa lilitengenezwa mwaka 1999, likakaa Japani zaidi ya miaka 20, ndipo likaja. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, na mnunuzi asome hapo kabla ya kusikiliza jambo lingine.

Sifa ya pili ni injini. Altezza lilitoka na injini za aina mbili, zote za ujazo wa sentimita 2000. Ile ya silinda sita, 1G-FE, ina nguvu za farasi 160. Ile ya silinda nne, 3S-GE, inafikia nguvu za farasi 210 kwenye gari la gia za mkono. Hiyo ya pili ndiyo wapenda mbio wanaitafuta, na ndiyo inayotajwa kila gari linapouzwa. Kumbe ukifungua boneti kuna kibati chenye namba ya modeli. Zikianza na GXE10, ni ya silinda sita, na zikianza na SXE10, ni ile ya silinda nne. Kijana analipa bei ya SXE10 na kuondoka na GXE10 kwa sababu hakuna aliyemwambia asome kibati.

Sifa ya tatu ni kilometa. Kisomeo cha kilometa kinarudishwa nyuma, na mafundi wa kazi hiyo wapo. Gari linalodai limetembea kilometa 60,000 huku usukani umelika, mpira wa pedali ya breki umekuwa laini na kiti cha dereva kimebonyea, linasema uongo.

Dume la kulimia halinunuliwi kwa rangi

Hakuna Msukuma anayekwenda mnadani kununua dume la kulimia akaangalia rangi tu. Hulifungua mdomo aone meno, hulitembeza aone miguu, huuliza linauzwa kwa nini, na huwa na mzee pembeni anayejua ng'ombe. Kijana huyo huyo aliyefundishwa hayo na baba yake hununua gari la thamani ya zizi zima kwa kusikiliza redio yake. Mnada wa ng'ombe ungemfundisha kununua gari.

Kumleta mzee ni kumleta fundi. Awe fundi wa kijana mwenyewe, asiwe aliyependekezwa na dalali, na alipwe kwa kazi ya kukagua hata kama gari halikununuliwa.

Kuangalia meno ni kufika asubuhi bila taarifa na kuweka mkono juu ya boneti kabla ya kuwasha. Likiwa la moto, limeshawashwa ili kuficha taabu ya kuwaka likiwa baridi. Moshi wa rangi ya buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe usiokatika, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko, maana yake maji yanaingia mahali pasipotakiwa. Kwa Subaru lenye tabo, oili iliyocheleweshwa kubadilishwa huua tabo, na tabo ni gharama.

Kutembeza ni kuendesha, na siyo dakika tano za kuzunguka lami nyororo huku redio inapiga. Redio izimwe, gari lipelekwe barabara ya vumbi yenye mashimo, lipandishe mlima, lipigwe breki. Muuzaji akikataa kabisa gari lisijaribiwe hata akiwa amekaa yeye mwenyewe pembeni, amekwishatoa jibu.

Kadi ni ya nani

Magari mengi ya vijana yamepita mikononi mwa watu watatu au wanne bila jina kubadilishwa. Kadi bado ina jina la mtu wa Dar es Salaam ambaye muuzaji wa leo hajawahi kumwona. Gari la namna hiyo likiwa ni la wizi, au limewekwa dhamana ya mkopo, mnunuzi ndiye atakayebaki anaeleza polisi. Kisheria, aliyeuziwa na mwizi hapati haki ya umiliki hata kama alilipa fedha halali.

Njia salama ni kuongozana na mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi hadi ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kubadilisha umiliki, kila mmoja akiwa na namba yake ya mlipakodi, na kubakiza sehemu ya malipo hadi jina litakapobadilika. Madeni ya faini za barabarani yaangaliwe pia kwa namba ya gari kwenye mtandao wa polisi. Yadi inayofanya biashara kihalali itoe risiti ya mashine ya EFD bila kuombwa mara mbili.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo ina jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa hiyo kazi anayotaka kuifanya, akategemea ujuzi wa muuzaji katika kuchagua, sheria inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa kazi ile. Lakini anayekwenda na jina la gari mdomoni, akasema anataka aina fulani na si nyingine, amejichagulia mwenyewe na kinga hiyo inamponyoka. Hali kadhalika, kasoro ambayo ukaguzi ungeifichua humrudia aliyekagua kijuujuu. Kwa hiyo lile swali la kazi ya gari lina uzito hata mbele ya hakimu. Kama muuzaji haliulizi, mteja alitamke mwenyewe, mbele ya shahidi, na liandikwe kwenye mkataba.

Kwa muuzaji anayedanganya kuhusu ubora au historia ya gari, ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani (FCC) inayoisimamia.

Gari la mbio kwenye udongo mweusi

Swali lile likiulizwa Maganzo, jibu mara nyingi huwa: nataka kwenda mgodini, kwenda kwa mama kijijini, na kutembea. Udongo wa sehemu kubwa ya Kishapu ni mweusi na unanata. Mvua ikinyesha hata trekta hulala njiani. Gari ambalo tumbo lake liko kiganja kimoja na nusu kutoka ardhini litafika kijijini kiangazi tu, na hata kiangazi litaacha bampa njiani.

Mafuta nayo yahesabiwe. Gari linalokwenda kilometa 8 kwa lita litataka lita 12 na nusu kwa safari ya kilometa 100. Dogo linalokwenda kilometa 14 kwa lita litataka lita 7 na kidogo. Siku ya kununua tofauti hiyo haionekani, lakini itaonekana mwezi wa pili, wakati duara limeingia maji na hakuna mzigo.

Mwezi huo wa pili au wa tatu ndipo dalali hurudi. Turudie mfano wetu. Kijana aliyenunua kwa Sh14.5 milioni amekwama na anahitaji fedha ya pampu. Dalali yule yule anamletea mteja wa Sh9 milioni, na kwa mteja huyo mpya anataja Sh10.5 milioni. Kijana amepoteza Sh5.5 milioni, mbali na mafuta na matengenezo. Dalali amepata Sh4 milioni kwa gari moja, kwa kijana yule yule, bila kushika jembe wala sururu.

Hapa hakuna anayesema kijana asinunue gari analolipenda. Fedha ni yake na jasho ni lake. Lakini anunue akiwa ametenga kwanza fedha ya duara, ya shamba na ya nyumba, na alipe bei ya gari lenyewe bila kuongeza bei ya kuitwa bosi.

Maduka ya pikipiki yanavyofanya

Wauzaji wa magari wana mfano wa kujifunza hapo hapo mtaani. Kwenye duka la pikipiki, kijana mwenye kandambili na vumbi ndiye mteja mkuu, na mwenye duka anajua hivyo. Bei imeandikwa. Pikipiki inawashwa mbele ya mteja. Anaulizwa kama ni ya bodaboda, ya kubeba mzigo au ya kwenda shambani, na anaonyeshwa inayofaa. Anaambiwa lini arudi kubadilisha oili ya kwanza. Akitendewa vizuri humleta rafiki yake, na rafiki huleta mwingine.

Yadi ya magari ikifanya vivyo hivyo haitapoteza kitu. Bei ikibandikwa kwenye kioo, cha juu kinapungua na mwenye gari anapata haki yake. Gari likijaribiwa kwa utaratibu, kwa leseni halali na mfanyakazi wa yadi akiwa ndani, hasara ni lita moja ya mafuta. Mteja akiambiwa ukweli kwamba gari hili ni la mwaka 1999 na lina kasoro hii na hii, atapunguza bei leo lakini atarudi kununua la pili, na safari hiyo pengine ni Canter ya kubebea mawe au pamba.

Somo hilo linamhusu pia mwenye duka la pembejeo, la vipuri na la simu. Katika ukanda ambao fedha hutoka ardhini bila kupiga hodi, nguo za mteja hazisemi chochote kuhusu mfuko wake, na mfuko wake hausemi chochote kuhusu anachohitaji. Kijana anayetafuta gari naye apime muuzaji kwa kipimo hicho. Akifika mahali akakaribishwa kiti kabla hajaonyesha fedha, akaulizwa gari ni la kazi gani, akaruhusiwa kurudi kesho na fundi wake bila kuambiwa kuna mtu anakuja saa nane, hapo ndipo afungue begi, tena si la noti bali la karatasi za benki.